Kabla Hujaipamba XP Yako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kuhangaika na mashine hizo mbili. Barua yako nimeisoma yote. Umeuliza namna ya kuipa Windows XP, ule mfumo wa zamani wa kompyuta, sura mpya, kwa nini inajivuta kiasi hicho, na kama ile kompyuta mpakato ya Windows 7 inafaa bado kwa kazi za kila siku. Umetaja pia skana na programu ya hesabu unazozitumia kwenye XP. Nitajibu yote, ila urembo utasubiri kidogo. Uzito unaousimulia hautokani na umri. Mashine yako inaumwa, na nadhani ugonjwa wake naujua.

Kabla hujagusa kitu, okoa faili zako. Fungua folda ya Documents and Settings, ingia kwenye jina lako, unakili vyote vilivyomo. Usiishie My Documents. Programu nyingi za wakati ule, hasa za hesabu na za stoo, ziliweka data zake humo humo ziliposakinishwa, ndani ya Program Files, na anayenakili nyaraka peke yake huja kugundua amechelewa. Kama unatumia Outlook Express, barua zako ni zile faili zinazoishia na .dbx, nazo zimejificha ndani ya Local Settings, Application Data, kisha Identities. Hutaziona mpaka uruhusu folda zilizofichwa zionekane.

Angalia na flashi utakayotumia. Iwe imefomatiwa, yaani imepangwa kupokea faili, kwa mpango wa FAT32 au NTFS. Ukichomeka flashi yenye mpango mwingine, wa exFAT, kwenye XP isiyo na sasisho la KB955704 (KB ni namba ya sasisho la Microsoft), itadai kwamba haijafomatiwa na kukuuliza kama iifomati. Ukikubali ifomatiwe, vilivyokuwemo vimekwenda. Ukitumia FAT32, kumbuka haibebi faili moja inayofika GB 4.

Na diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kutengeneza diski, hata kama watu wengi watakushauri hivyo. Amri ile inasoma kila sekta ya diski, na diski iliyo mahututi inaweza kukata roho katikati ya kazi. Itoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, nakili unavyoweza, ndipo ufikirie kuitibu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Unasema kishale cha kipanya kinaruka kila unaponakili faili, muziki unakatika-katika, na prosesa inapanda mpaka asilimia 100 bila programu yoyote nzito. Dalili hizo tatu zikikutana kwenye XP, mtu wa kwanza wa kumshuku ni njia ya diski. Bofya My Computer kwa kitufe cha kulia, chagua Manage, kisha Device Manager. Fungua tawi la IDE ATA/ATAPI controllers (IDE ni njia ya zamani ya kuunganisha diski), bofya mara mbili Primary IDE Channel, nenda Advanced Settings, usome palipoandikwa Current Transfer Mode. Ukikuta Ultra DMA Mode 5, njia ni nzima. Ukikuta PIO Mode, umempata mchawi.

Kwenye Ultra DMA, diski inapeleka data moja kwa moja kwenye kumbukumbu na prosesa inaendelea na shughuli zake. Kwenye PIO, prosesa ndiyo inayobeba kila kipande kwa mikono yake, ndiyo maana inachoka na kipanya kinakwama. Kasi nayo inaporomoka: Ultra DMA 5 ina uwezo wa MB 100 kwa sekunde, PIO ya juu kabisa haifiki 17. Kinachosababisha ni tabia ya XP yenyewe. Inahesabu makosa ya usomaji, na yakifika sita inashusha kasi ngazi moja. Yakiendelea inashusha tena, hadi inaishia PIO. Kupanda tena haipandi yenyewe, hata chanzo cha makosa kikiondoka.

Anza na kebo. Kwa diski ya IDE iwe ile ya nyaya 80, nyembamba-nyembamba, si ya nyaya 40, ingawa viunganishi vyake vyote vina matundu ya pini 40 na kwa haraka vinafanana. Upande wa bluu unakwenda kwenye ubao mama, mweusi wa mwisho kwenye diski kuu, wa kijivu katikati ni wa diski ya pili. Ukishabadilisha, rudi Device Manager, bofya Primary IDE Channel kwa kitufe cha kulia, chagua Uninstall, kisha washa mashine upya. XP itaigundua njia hiyo kama ngeni na kuanza tena na Ultra DMA. Huenda ikataka kuwashwa upya mara ya pili, usishangae. Ikirudi PIO baada ya siku chache huku kebo ni mpya, diski yenyewe inakufa, na hapo utashukuru kwamba ulinakili mapema.

Ukikuta njia ni nzima, pima kumbukumbu kabla ya kununua nyingine. Fanya kazi zako za kawaida nusu siku bila kuzima, kisha bonyeza Ctrl, Alt na Delete, fungua Task Manager, ukurasa wa Performance. Linganisha namba mbili tu: Peak chini ya Commit Charge, na Total chini ya Physical Memory. Peak ikiizidi Total kwa mbali, mashine inaazima nafasi kwenye diski, na kuongeza kumbukumbu kutaonekana mara moja. Ikiwa chini, kuongeza hakutakusaidia kitu. Wala usijaze GB 4 ukitarajia zote zitumike. XP ya biti 32 itakuonyesha kama 3 hadi 3.5, kwa sababu sehemu ya anwani hizo imeshachukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Kwa kazi zako GB 1 inatosha.

Haya, tuje kwenye urembo. Kinacholeta wepesi unaoonekana kwa macho ni vitu viwili. Cha kwanza: Start, Run, andika sysdm.cpl, ukurasa wa Advanced, Settings ya Performance, chagua Adjust for best performance. Ukiona sura imekuwa ya kizamani mno, rudisha alama kwenye mstari wa mwisho tu, ule wa visual styles, uache vivuli na madoido mengine. Cha pili kimo kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Run, andika regedit, fuata HKEY_CURRENT_USER, Control Panel, Desktop. Kabla ya kubadilisha chochote, bofya File, Export, uhifadhi tawi hilo kwenye faili, ili ukikosea ulibofye mara mbili na mambo yarudi. Kisha tafuta MenuShowDelay. Thamani yake ni 400, yaani milisekunde 400 za kungoja kabla menyu haijafunguka. Weka 100, toka kwenye akaunti, uingie tena. Menyu zitafunguka papo hapo. Usiweke 0, maana zitakuwa zinafunguka kila kipanya kinapopita na utakereka.

Mandhari, yaani sura za madirisha na menyu, zilizotengenezwa na watu wengine zina kikwazo. XP hukubali zile zenye saini ya Microsoft tu, na kazi ya kukagua saini iko kwenye faili la uxtheme.dll. Watu hulibandika kiraka ili liache kukagua. Sikushauri. Kiraka cha toleo moja kikiwekwa kwenye Service Pack (kifurushi kikubwa cha masasisho) nyingine, unaweza kuwasha mashine usifike hata kwenye skrini ya kuingilia. Zipo mbili zenye saini, ambazo hazihitaji kiraka: Royale, ya bluu ng'avu, na Zune ya mwaka 2006, nyeusi yenye kitufe cha Start cha rangi ya chungwa. Mimi ningechukua Zune.

Kaa mbali pia na zile orodha za huduma za kuzima ili mashine ipepee. Faida yake ni ndogo na hatari ni kubwa. Mtu akizima Remote Procedure Call, huduma ambayo nyingine nyingi huitegemea, hata dirisha la kuiwashia linagoma kufanya kazi, na njia inayobaki ni rejista: HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Services, RpcSs, uweke Start iwe 2. Programu za kusafisha rejista nazo achana nazo.

Umetaja saa inayorudi nyuma kila ukizima umeme. Hiyo ni betri ya CR2032 kwenye ubao mama, ibadilishe usiipuuze. Saa ikiwa nyuma, vyeti vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika na kivinjari kinakataa kufungua kurasa. Baya zaidi, betri ikifa mipangilio ya BIOS, programu ya ubao mama inayoanzisha mashine, inarudi ya kiwandani, na kwenye ubao wenye SATA, njia mpya zaidi ya kuunganisha diski, hiyo mara nyingi ni AHCI, namna ya SATA kufanya kazi. XP iliyosakinishwa kwa IDE haina draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya AHCI, basi inakupa skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Watu wanafomati diski nzima isiyo na kosa kwa ajili ya betri! Ukiiona namba hiyo, ingia BIOS kwanza, rudisha SATA kwenye IDE, ujaribu tena.

Ikiandika NTLDR is missing, yaani faili la kuwashia XP halionekani, chomoa flashi zote na utoe disketi kabla ya lolote, kwa kuwa huenda inajaribu kuwaka kutoka huko. Isiposaidia, washa kwa CD ya XP, bonyeza R, chagua namba ya Windows yako, weka nenosiri la msimamizi. Ikiwa CD ni D, andika copy d:\i386\ntldr c:\ kisha copy d:\i386\ntdetect.com c:\ halafu fixboot. Ikilalamikia hal.dll, faili jingine la mfumo, kwa kawaida hal.dll haina kosa. Ni boot.ini, faili la kuelekeza Windows ilipo, inayoelekeza kwenye patisheni (sehemu ya diski) isiyo sahihi, na bootcfg /rebuild huimaliza.

Windows 7 ina shida yake maarufu: inatafuta masasisho saa nzima, svchost, programu inayobeba huduma za Windows, ikila prosesa, bila kupata kitu. Hakikisha ina Service Pack 1. Weka masasisho yasitafutwe kabisa, washa upya, sakinisha KB3020369, kisha KB3172605. Baada ya hapo weka KB4490628 na KB4474419, kwa sababu bila hayo mawili haielewi saini za kidijitali za aina ya SHA-2 zilizotumika kwenye masasisho ya kuanzia katikati ya 2019. Fuata mpangilio huo huo. Kama utaiwekea SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, Windows 7 inaimudu: andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, jibu likiwa 0, TRIM, amri inayoiambia SSD nafasi zipi zimeachwa wazi, inafanya kazi. XP haina TRIM, na patisheni zake huanza sekta ya 63, jambo linaloifanya SSD iandike mara mbili pale pa kuandika mara moja. Usihangaike kuihamishia Windows 7 hiyo kwenye kompyuta mpya. Haina draiva za USB 3.0, hivyo kibodi na kipanya hufa katikati ya usakinishaji.

Lakini kuhusu intaneti sitakuficha. XP ilikomeshwa kupewa masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na waliolipia nyongeza waliishia Januari 2023. Chrome ya mwisho kwa XP ni 49, kwa Windows 7 ni 109. Maktaba ya usimbaji iliyomo ndani ya XP ya kawaida inaishia TLS 1.0, kanuni ya zamani ya kulinda mawasiliano, ambayo tovuti nyingi sasa zinaikataa. Programu ya kuzuia virusi haizibi matundu ya mfumo. WannaCry ya Mei 2017, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai pesa, ilipita kwenye SMBv1, njia ya zamani ya kushirikiana faili mtandaoni, bila mtu kubofya chochote. Microsoft ilitoa kiraka cha KB4012598 hata kwa XP, ila baada ya madhara kuanza.

Kwa hiyo XP ichomoe waya wa mtandao kabisa, ibaki na kazi ya ile skana isiyo na draiva mpya. Flashi ndiyo itakuwa mlango uliobaki, na mlango huo kirusi cha Conficker kiliutumia vizuri tangu 2008. Kwenye rejista, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Policies, Explorer, tengeneza DWORD (aina ya thamani ya namba) iitwayo NoDriveTypeAutoRun yenye thamani FF, ili programu za kwenye flashi zisijiendeshe. Windows 7 usiitumie tena kwa benki wala barua pepe. Ile programu ya hesabu, kwa kuwa haihitaji kifaa chochote, ihamishie kwenye XP ya ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako: kumbukumbu MB 512, diski GB 10, mtandao umezimwa. Diski hiyo iunganishe kwa IDE, si SATA, la sivyo utakutana tena na ile 0x0000007B.

Nijibu ukiniandikia mambo mawili: maneno yaliyopo kwenye Current Transfer Mode, na namba ya Peak. Usinunue chochote kabla sijaviona.

Wako wa dhati,
Rafiki yako