Mashine ya kujaza risasi ikikwama, toa maganda kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wasomaji wenu walioko Marekani, hasa Waswahili wa Texas, Ohio, Minnesota na kwingineko walioanza kupenda mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Bei ya risasi za dukani imewafanya wengi wafikirie kununua mashine ya kujazia risasi nyumbani, ile ya vituo vingi ambayo kila ukivuta mpini mara moja inadondosha risasi moja iliyokamilika. Video zake zinaonyesha mtu akivuta mpini kwa mdundo, risasi zikijaa kisandukuni mamia kwa saa. Hazionyeshi mashine inapokwama, na ajali huanzia hapo.

Kwanza nieleze mipaka, maana gazeti hili linasomwa pia Dar es Salaam, Mombasa na Bukavu. Ninayoyaandika yanahusu Marekani tu. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, hata ziwe tano za kujaribia. Marekani mtu anaruhusiwa kujaza risasi zake mwenyewe bila leseni, ila akitaka kuziuza lazima apate leseni ya shirikisho ya watengenezaji wa risasi, inayoitwa aina ya 06. Na hapa wageni wengi hujikwaa: aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Majimbo nayo yana masharti yao. Tafadhali uliza kabla ya kununua hata pakiti moja ya maganda. Na usimfungie ndugu yako wa nyumbani vifaa hivi kwenye mzigo wa posta. Kuvitoa nje ya nchi kunaweza kuhitaji kibali.

Sasa mashine yenyewe. Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki ndogo ya kuwashia iliyoko kitakoni, baruti, na kichwa kinachoruka. Ganda ndilo linalotumika tena. Kwenye mashine ya vituo vinne kama Dillon RL 550, kituo cha kwanza hung'oa fataki iliyokwisha na kulirudisha ganda kwenye kipimo chake, kisha ukisukuma mpini mbele fataki mpya inaingia. Cha pili kinapanua mdomo wa ganda na kumwaga baruti. Cha tatu kinakandamiza kichwa, cha nne kinabana mdomo. Sahani inayoshika maganda unaizungusha mwenyewe kwa kidole. Mashine za vituo vitano, kama Hornady Lock-N-Load AP au Dillon XL 750, huizungusha sahani zenyewe, na kile kituo cha ziada kinatoa nafasi ya kuweka kifaa cha kukagua kimo cha baruti. Kwa anayeanza, hasa anayejaza risasi za bastola za milimita 9, hicho kifaa kina thamani kuliko kasi yote ya mashine.

Meza ndiyo inayopuuzwa zaidi. Fataki inaingizwa kwa kusukuma mpini, kwa hiyo meza ikiyumba, nguvu ya mkono wako inaishia kwenye meza na fataki inabaki juu. Tumia ubao mnene wa kama sentimita 5, uufunge ukutani kwenye nguzo za mbao zilizo nyuma ya jipsamu, na bolti za mashine zipite ubao wote zikutane na washa pana (kile kisahani cha bolti) chini. Fataki ikishaingia ipitishe kidole: iwe chini ya usawa wa kitako kwa elfu 3 hadi 5 za inchi. Iliyobaki juu inaweza isiwake, au mbaya zaidi, iwake kabla bastola haijafunga sawasawa.

Bolti ya katikati ya sahani ni ndogo lakini ina fitina nyingi. Ikilegea, sahani inainama upande mmoja na kila fataki inaingia kwa kina chake. Ikikazwa kupita kiasi, sahani inagoma, kisha inaruka ghafla, na baruti nyepesi inarukia nje ya ganda. Ikaze mpaka sahani isicheze lakini izunguke bila kulazimishwa, halafu kaza skrubu ndogo ya kuizuia. Irudie kila baada ya mamia machache ya risasi, maana hulegea yenyewe.

Dai, yaani vile vyuma vinavyofungwa juu ya vituo ili kulifanyia ganda kazi, karibu zote zina nyuzi za kipimo kimoja, inchi 7/8 kwa nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo za kampuni moja kwa kawaida huingia kwenye mashine ya nyingine. Ile ya kwanza iteremshe mpaka iguse sahani ikiwa imepanda juu, na kaza nati yake ya kufungia wakati sahani imebeba maganda kwenye vituo vingine. Wengi huirekebisha sahani ikiwa tupu. Wakianza kazi, uzito wa vituo vingine unainamisha sahani kidogo na kipimo kinahama. Kituo cha pili kipanue mdomo kiasi cha kitako cha kichwa kukaa bila kuegemea upande, basi. Ukipanua sana shaba inachoka, na baada ya matumizi machache mdomo unapasuka.

Kuhusu kiasi cha baruti, sitataja namba yoyote, na naomba usiichukue kwa rafiki wala kwenye video. Inatoka kwenye kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, kwa baruti ileile na kichwa kilekile, na unaanzia kipimo cha chini. Kipimo chake ni greni, na greni 7,000 ndizo pauni moja. Kosa la greni moja kwenye ganda dogo la milimita 9 ni kosa kubwa. Kipimio, yaani chombo cha mashine kinachomwaga baruti, kikishajazwa, mwaga mara kumi na urudishe baruti hiyo, kwa sababu baruti hujishindilia kwa mtikisiko na mimwago ya mwanzo haiaminiki. Halafu pima mimwago kumi kwa pamoja kwenye mizani, ugawe kwa kumi, kisha upime mmojammoja uone kama inatofautiana. Juu ya meza kuwe na kopo moja tu la baruti. Ukimaliza, irudishe kwenye kopo lake siku hiyohiyo. Baruti isiyojulikana jina haitumiki tena, hata ikiwa nzuri kwa macho.

Chagua baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda. Ikiingia mara mbili itafurika na utaiona. Zile zinazowaka upesi na kukaa kidogo chini ya ganda zinapendwa kwa kuwa kopo moja linatoa risasi nyingi, lakini ganda lenye dozi mbili unaweza kulipita bila kulishtukia. Weka taa ndogo inayomulika ndani ya ganda kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kabla hujaweka kichwa, angalia. Kila ganda, bila kuruka.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mashine hii inafanya kazi nne kwa wakati mmoja, na akili ya mtu inazifuata kwa mdundo tu: vuta, sukuma, zungusha, weka. Mdundo ukikatika, mtu hajui tena ganda la kituo cha pili limepata baruti au bado. Rundo la maganda ya milimita 9 limeficha kiganda cha .380 (risasi nyingine fupi zaidi), fataki imelala ubavu, ganda la .45 (risasi nene zaidi) lina tundu dogo la fataki badala ya kubwa, au ganda la kijeshi bado lina ukingo uliobanwa kuzunguka tundu la fataki: mpini unagoma. Mtu anaurudisha nusu, anachomoa ganda lenye kasoro, anavuta tena. Kwenye mashine ya kuzungusha kwa kidole, ganda la kituo cha pili limeshapata dozi ya kwanza na sasa limepata ya pili. Kwenye mashine inayojizungusha, mtu akijaribu kuirudisha sahani nyuma au akivuta mpini nusu, ganda linaweza kupita likiwa na dozi pungufu au tupu kabisa.

Dozi mbili zinaweza kupasua bastola mkononi. Ganda tupu lina hatari ya kimyakimya zaidi: fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kikaingia kwenye mtutu na kukwama humo. Mlio unakuwa hafifu, mpigaji anadhani risasi imeharibika, anaingiza nyingine na kufyatua. Hiyo ya pili inakuta njia imezibwa.

Kwa hiyo kanuni iwe moja. Mpini ukigoma, usiulazimishe hata kidogo, hasa ukiwa unasukuma fataki. Bomba la fataki lina hadi 100 zilizopangana, na moja ikiwaka zinaweza kuwaka zote. Vaa miwani ya kinga tangu unapoanza kujaza bomba hilo. Ondoa maganda yote yaliyoshapita kituo cha kwanza na ambayo hayajapata kichwa, rudisha baruti yake kwenye kipimio, tatua kilichogoma, kisha anza upya kama vile ndiyo kwanza umekaa. Utapoteza dakika mbili. Fanya hivyo pia simu ikilia, mtoto akiita au fataki zikiisha. Simu iache chumba kingine.

Siku za kwanza, endesha mashine kwa ganda moja tu, lizunguke vituo vyote mpaka litoke, ndipo uweke la pili. Mikono ikishazoea ganda moja, weka manne. Anayeanza na sahani iliyojaa hajui kosa limetokea kituo gani.

Kuhusu kichwa na mdomo nitasema kwa ufupi. Risasi ya milimita 9 isizidi urefu wa inchi 1.169, lakini urefu unaokufaa unategemea umbo la kichwa na kitabu chako. Toa mtutu kwenye bastola isiyo na risasi, dondosha risasi ndani kwa uzito wake: iingie yote kwa mlio mkavu na itoke ukiugeuza. Mdomo wa ganda hili ndio unaozuia risasi isizame kwenye chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu), kwa hiyo kazi ya kituo cha mwisho ni kuondoa ule upanuzi tu. Pima kipenyo cha mdomo kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kiwe kati ya inchi 0.377 na 0.379. Ukibana sana, shaba inarudi nyuma kidogo na madini ya risasi ya kichwa hayarudi, basi kichwa kinalegea badala ya kushikwa. Kijaribu kwa kukisukumia kwenye ukingo wa meza kwa dole gumba, ukipima urefu kabla na baada. Kikizama, usitumie; nafasi ya baruti ikipungua mgandamizo unapanda haraka.

Uchafu nao unadhuru polepole. Fataki nyingi zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na vumbi lake limo kwenye maganda yaliyotumika na kwenye chenga za mashine ya kuyasafishia. Chenga hizo zimwage nje ya nyumba, usifagie vumbi kavu bali futa kwa kitambaa chenye maji, usile wala kunywa mezani, nawa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifue peke yake. Kanuni za zimamoto zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinaruhusu pauni 20 za baruti nyumbani, karibu kilo 9, ikiwa kwenye makopo yake ya asili, na fataki zisizozidi 10,000. Usizihamishie kwenye mtungi wa chai au chupa. Fataki zikirundikwa ovyo moja ikiwaka huwasha nyingine zote, na pakiti zake zimetengenezwa makusudi kuzitenganisha. Na jua kwamba watengenezaji wengi wa bastola hufuta dhamana ukitumia risasi za kujaza mwenyewe.

Siku ya kwanza uwanjani weka risasi moja tu kwenye magazini, ufyatue, ukague ganda, kisha ya pili. Mlio ukiwa hafifu au bastola isiporudi nyuma kama kawaida, acha hapohapo. Elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri nusu dakika, kisha toa magazini, fungua chemba, hakikisha hakuna risasi, na upitishe fimbo ya shaba ndani ya mtutu. Isipotokea upande wa pili, siku yako ya kulenga imekwisha: mpelekee fundi wa bunduki, na zile zilizobaki za kundi hilo zifungue moja moja nyumbani kwa nyundo ya kuvunjia risasi, upime baruti ya kila moja mpaka ulijue kosa lilikuwa wapi.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio