Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kufundisha sanaa

Mpwa wangu,

Mama yako mdogo ameniambia unataka kuwa mwalimu wa sanaa katika shule ya upili, na kwamba unauliza kama kazi hiyo ni ya kumfaa mtu. Umemtuma yeye. Namba yangu unayo, haijabadilika tangu siku ya mazishi. Basi nakujibu hapa hadharani, kwa maana ujumbe wa simu najua hutaufungua.

Nianze na makaratasi, kwani hapo ndipo vijana wengi hukwama wakiwa wameshamaliza miaka minne na karo ya wazazi. Tume ya Huduma za Walimu ya hapa Kenya haimsajili mtu kwa kipaji chake. Inataka wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, C+ katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha, na shahada ya ualimu yenye masomo hayo mawili. Ukisoma shahada ya sanaa pekee, ile ya wachoraji na wachongaji, itakubidi urudi chuoni kuchukua stashahada ya uzamili ya ualimu, na hata hapo utaulizwa somo lako la pili liko wapi. Kabla hujajaza fomu ya chuo chochote, nenda ofisini ukaulize kwa kinywa chako: masomo mawili yatakayoonekana kwenye matokeo yangu ni yapi? Usikubali jibu la "tutaona mwaka wa pili".

Hilo la pili nalo usilichague kwa kubahatisha. Shule zinazofundisha sanaa ni chache, na ndani ya hizo wanafunzi wanaoichagua huwa hawajazi madarasa mengi, kwa hivyo ratiba yako itajazwa na lile somo jingine. Chukua unaloweza kulisahihisha saa nne za usiku bila kulichukia. Wewe chukua Kiswahili. Insha zako mama yako alikuwa akinisomea kwa simu, anakatiza katikati anacheka, kisha anarudia sentensi ileile. Unajua hivyo.

Halafu ujue unaingia wakati gani. KCSE ya mfumo wa zamani itafanywa kwa mara ya mwisho 2027. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia shule za upili Januari 2026, na wanafunzi wanagawanywa katika mikondo mitatu, mmoja wao ukiwa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Si kila shule ina mkondo huo. Ukihitimu, utatafuta kazi katika shule zilizo nao, na huenda zikawa mbali na nyumbani. Mimi naona nafasi itakuwepo kwa mwalimu anayejua kazi ya mikono, kwa sababu mtaala unaweza kubadilishwa kwa waraka mmoja lakini udongo haubadiliki.

Udongo ndio utakaokupima. Utapewa vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80, wanafunzi 40 na kitu, na bomba moja la maji lililo nje. Dakika 10 za kugawa vifaa, 15 za kusafisha, unabaki na 55. Ukisahau zile 15, mwalimu anayefuata atakuta meza zina matope na kesho naibu wa mkuu atakuita.

Udongo wa mtoni hauletwi darasani jinsi ulivyochimbwa. Uloweke kwa siku tatu, ukoroge mpaka uwe uji, uchuje kwa kipande cha chandarua kuukuu ili mizizi na kokoto zibaki juu. Umwage juu ya gunia kivulini, siku mbili tatu, hadi usinate mkononi. Kisha ukandwe kama unga wa chapati, na zaidi. Mwambie mtoto asivuke unene wa kidole kwenye kuta za chungu chake. Akitaka kuunga mkono wa jagi, akwaruze pande zote mbili, apake uji wa udongo, ndipo abane. Asipokwaruza, mkono utaanguka ukikauka, na atadhani ni bahati mbaya. Si bahati mbaya. Udongo hupungua karibu sehemu moja ya kumi unapokauka, na vipande viwili visivyoshikana vizuri hupungua kila kimoja kivyake.

Usikaushe juani. Funika kwa karatasi ya nailoni, funua kidogo kila siku, wiki moja au mbili. Siku ya kuchoma, chukua kila chungu ukiguse kwa shavu. Kikiwa baridi kuliko hewa, bado kina maji ndani. Moto ukifika joto la kuchemsha maji, mvuke utatafuta njia, na ukikosa njia utapasua chungu hicho pamoja na vya jirani zake. Anza na moto mdogo, mbali kidogo, saa mbili nzima, ndipo uusogeze. Walimu wengi huharakisha hapa kwa sababu basi la shule linaondoka saa kumi. Watoto wanakuja Jumatatu wanakuta vigae.

Rangi ni jambo dogo ukilinganisha. Agiza muhula mmoja kabla, kwa sababu kibali kinapita kwa mkuu, kwa mhasibu, kwa muuzaji, na rangi huwa inafika mitihani ikiwa imeisha. Brashi zioshwe kwa maji baridi na sabuni, zisimamishwe nywele zikiwa juu. Zikilala kichwa chini ndani ya kopo, zitapinda na hutazinyoosha tena. Weka daftari la stoo. Watakuomba pia uandike vibao vya shule na upambe jukwaa la siku ya wazazi. Kubali, lakini rangi hiyo itoke kwenye fungu jingine.

Mkaa wa kuchorea usinunue. Kata vijiti vilivyonyooka, vitoe maganda, vipange vibanane ndani ya kopo la maziwa, funga kifuniko, toboa tundu dogo kwa msumari, weka kopo motoni. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma kutoka, mkaa umeiva. Usifungue kopo likiwa moto, hewa ikiingia vijiti vyote vitawaka. Acha lipoe kabisa. Hilo nilikuonyesha mwenyewe, nyuma ya jiko la mama yako, na ulishika vizuri kuliko wanafunzi wengi wa kidato cha tatu.

Na ndiyo maana picha ile iliniuma.

Ulimchora mama yako kutoka picha ya kitambulisho, ukamkuza mpaka akajaa karatasi nzima ya manila. Ulipata macho. Watu hawajui jinsi ilivyo vigumu kupata macho ya mtu kutoka picha ndogo kama kidole gumba, ukayapata, na ile hereni ya sikio la kushoto. Lakini ulichora kwenye upande laini, na mkaa haushiki upande laini, unakaa juu tu kama vumbi la kabati. Na hukuipulizia chochote cha kushikiza mkaa. Ukaiweka kwenye kiti, kando ya jeneza, chini ya turubai, upepo ukipita. Bibi akaja, akaweka kiganja kwenye shavu la binti yake. Alipokitoa, shavu lilikuwa limeondoka nacho.

Nikasema: "Umechora upande laini. Na hukupuliza dawa." Mbele ya watu.

Ukaiondoa kwenye kiti, ukaichana mara mbili, ukaelekea migombani.

Unanilaumu, nami nataka uelewe. Watu wote pale walikuwa wakikuambia ni nzuri, ni nzuri, na kesho yake wangesahau. Mimi nilikuona kama mtu wa kazi. Mwalimu anayesifu kila kitu hamsaidii mwanafunzi, kwa kuwa mtoto anajua ameanguka wapi na anangoja kuona kama na wewe umeona. Nililosema lilikuwa kweli, neno kwa neno. Kama ungenipigia simu siku moja kabla, ningekuambia ugeuze karatasi.

Lakini nilifika usiku wa kuamkia mazishi. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani sebuleni, karibu na redio, nikaiona. Nikaona upande uliochora. Ulikuwa umelala kwenye mkeka, nikasema nisikuamshe.

Kwa hivyo sikiliza sheria hii, ni ya muhimu kuliko shahada. Usiguse karatasi ya mwanafunzi kwa penseli yako. Ukitaka kumwonyesha bega linavyokaa, chora kwenye karatasi yako, pembeni, kisha uitupe. Kwanza sema unachokiona kimefanikiwa, kwa jina lake: macho, uzito wa kivuli chini ya kidevu. Kisha muulize yeye angebadilisha nini. Mara nyingi atataja kosa lenyewe. Asipolitaja, lina kesho. Na kama kazi imeshawekwa mbele ya watu, funga mdomo hadi ishushwe.

Uliuliza kama kazi hii inafaa. Gregory Maloba, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa 1962, alifundisha miaka mingi Makerere, na sijaona mtu akisema kufundisha kulimpunguzia uchongaji. Lakini hutakuwa na muda wa kuchora kwako mwenyewe muhula ukiendelea. Utachora likizo. Usiingie ukidhani ni njia ya kulipwa huku unachora, utawachukia watoto kabla ya mwaka kuisha.

Nimeviokota vipande. Viko ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati langu, vimetenganishwa kwa karatasi laini. Vinaweza kuungwa. Kwanza vipuliziwe maziwa yaliyotolewa malai, yaliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ukungu mwembamba kutoka umbali wa rula moja, mara mbili, yakauke katikati. Maziwa yenye mafuta yataacha madoa. Kisha uji mwepesi wa unga wa ngano upakwe kwa nyuma, na manila nyingine iwekwe kama mgongo. Usibonyeze kutoka mbele. Shavu liache lilivyo, usilichore upya. Mimi sitaigusa mpaka uwepo.

Vipande ni vitatu. Kile chenye sikio la kushoto na hereni sikukiona, nilizunguka migombani mpaka giza. Kama kiko kwako, usikikunje.

Mjomba wako