Mzee wetu hakuswaliwa, aliombewa dua

Mhariri,

Juzi gazeti lenu liliandika kwamba waumini wa msikiti wa mtaani kwetu hapa Tanga "wamemswalia" mzee wetu aliyelazwa Dar es Salaam. Kabla ya adhuhuri jirani wawili walikwishabisha hodi kwangu kuuliza matanga yanakaliwa nyumba ipi. Mmoja alikuja na kilo mbili za sukari. Mzee mwenyewe, alhamdulillahi, alikuwa kitandani akinywa uji.

Tulichofanya baada ya swala ya Ijumaa ni dua. Imamu alinyanyua mikono, sisi tukaitikia amina. Basi. Dua ni kuomba: utaomba umekaa, umelala au uko shambani, kwa Kiarabu au kwa Kibondei, wala hakuna atakayekuuliza kama una udhu. Swala haiendi hivyo. Ina udhu na kuelekea kibla, hufunguliwa kwa takbira, yaani kutamka "Allahu Akbar", na kufungwa kwa salamu.

Sasa tazameni kitenzi. Anayeombewa dua aweza kuwa mgonjwa, msafiri, hata mtoto anayengoja mtihani. Anayeswaliwa ni maiti. Swala yake haina rukuu wala sijda, yaani hakuna kuinama wala kusujudu. Ni takbira nne kwa kusimama, na baada ya ile ya tatu ndipo marehemu huombewa dua. Yaani dua imo ndani ya swala, na nadhani hapo ndipo mwandishi wenu alipoteleza. Maiti akiwa mbali ipo swala ya ghaibu, ndiyo maana jirani zangu hawakuona ajabu mtu aliyeko Dar kuswaliwa Tanga.

Atajitetea: mbona twasema "kumswalia Mtume"? Kweli twasema, na huko ni kumtakia rehema na amani. Lakini msemo huo una mwenyewe, hauazimwi kwa mgonjwa wa mtaani. Hata wahenga walimpa kuku dua isiyompata mwewe, swala hawakumpa.

Naomba sahihisho, mistari mitatu yatosha, ukurasa uleule. Na msije mkaandika "swala la afya ya mzee". Hilo ni suala, na makosa hayo nayaona kwenu kila wiki.

Sukari tumempelekea mke wa mzee. Amesema ataitumia kwa uji.

Msomaji wenu,
Tanga