Zuhura, usisaini kwanza hiyo hoja ya akiba

Zuhura shoga yangu,

Za siku nyingi? Sisi huku wazima, watoto hawajambo wanakusalimia. Nimesoma ujumbe wako wote mpaka mwisho, alafu nikaurudia tena usiku watoto wakiwa wamelala. Kwanza hongera kwa kuchaguliwa kwenye bodi ya jengo, najua hongera yenyewe imekuja na mzigo maana hata kiti hujakizoea tayari majirani wanakugongea mlango wanataka usaini ile hoja ya kusimamisha kwa miaka miwili michango ya akiba, yaani ile hela ya kuweka kwa ajili ya matengenezo makubwa ya jengo. Umeniuliza ningekuwa mimi ningefanyaje. Mi nisingesaini, sio kwa jinsi walivyoiandika, na ntakueleza kwanini, barua itakua ndefu kidogo univumilie.

Wanakwambia sheria imeruhusu. Ni kweli imeruhusu, ila wamesoma nusu. Sheria ya jimbo letu la Florida ya 2025, ile HB 913, inasema mnaweza kusimamisha au kupunguza mchango wa akiba kwa bajeti mbili mfululizo basi, na hapo jengo liwe limemaliza ndani ya miaka miwili iliyopita ule ukaguzi mkuu wa majengo yaliyofika miaka 30, na wenye nyumba zaidi ya nusu wakubali, na lengo liwe kulipia matengenezo ambayo ukaguzi umesema yafanyike. Hapo kwenye matengenezo ndo penyewe. Nyie kwa ulivyoniambia ukaguzi mmefanya na injinia kakuta nyufa na kutu kwenye nguzo za parking ya chini, lakini kwenye hoja uliyonitumia sijaona mstari hata mmoja unaotaja parking. Wanachotaka ni bili ya mwezi ishuke. Sasa hiyo sio kusimamisha akiba ili mtengeneze, hiyo ni kuacha kulipa tu na kuita jina la sheria. Na tena ukishasimamisha, siku mkitaka kuanza kuchanga upya lazima mfanye kwanza tathmini ya akiba, yaani hesabu ya kitaalamu ya kiasi gani jengo linahitaji, ambayo nayo sio bure.

Najua mtu wa kwanza atakayesimama kwenye mkutano atasema haya masheria yote yameletwa kutukamua. Zuhura, haya masheria yameletwa na watu 98 waliokufa. Jengo la Champlain Towers South pale Surfside, hukuhuku Florida, tarehe 24 Juni 2021, saa saba na kitu usiku, ghorofa 12, watu wamelala, sehemu kubwa ya jengo ikashuka chini. Jengo la 1981. Na usidhani hakuna aliyejua kwamba kuna tatizo, injinia alishaandika tangu 2018 kwamba zege la eneo la bwawa la kuogelea limeharibika vibaya, kwamba kizuizi cha maji, lile tabaka la kuzuia maji yasipenye kwenye zege, kimeshindwa kazi na sakafu ilijengwa bapa bila mteremko kwahiyo maji yanatuama hapohapo yanazama chini. Mwaka uliofuata bodi ikagombana, wajumbe wengi wakajiuzulu. Akiba yao haikufika hata dola milioni 1 na kazi iliyokuwa inawasubiri ilikua ya milioni 15. Mpaka Aprili 2021 ndo wakapitisha mchango maalum, wenye nyumba ndogo kama dola 80,000 kila mmoja, mwenye ile ya juu kabisa zaidi ya 300,000. Malipo yalitakiwa kuanza tarehe 1 Julai. Hesabu mwenyewe siku kutoka 24 Juni.

Nisikudanganye lakini, kilichoangusha lile jengo sio akiba peke yake. Wachunguzi wa serikali kuu, wale wa NIST, wameonyesha kwamba sakafu ya bwawa ilikua dhaifu tangu kwenye usanifu, haikufikia hata viwango vya wakati ule. Kwahiyo mtu akikwambia pesa zisingesaidia, mwambie sawa jengo lilizaliwa na udhaifu, lakini udhaifu unaonekana ukifungua na kukagua na kutengeneza, na vyote hivyo vinataka hela iwe ipo benki siku injinia akisema hapa pabaya. Kama hela haipo, kinachofuata ni vikao. Miaka mitatu ya vikao.

Na kuhusu kutu usimruhusu mtu akwambie ni ya juu juu tu. Nyie mko karibu na bahari, chumvi inaingia polepole ndani ya zege mpaka inafika kwenye nondo, nondo ikishika kutu inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege halina pa kwenda linapasuka kutoka ndani. Ukiona ufa nje ujue ndani kazi imeanza zamani. Alafu ufa ule unapitisha maji na chumvi zaidi kwahiyo kadri mnavyochelewa ndo kasi inaongezeka, na bei nayo. Ndo maana miaka miwili mnayotaka "kupumzika" nondo hazipumziki. Pale Surfside yenyewe, barua ya bodi ya Aprili 2021 iliwaambia wenye nyumba kwamba uharibifu umeongezeka sana tangu ripoti ya 2018, na hiyo ni chini ya miaka mitatu.

Kitu kinachoniuma mimi zaidi ni jinsi ilivyokua inafanyika zamani. Kabla ya sheria ya 2022, ile SB 4-D, wenye nyumba wa Florida walikua wanaweza kila mwaka kupiga kura akiba isichangwe au ichangwe kidogo, na majengo mengi walikua wanapiga hiyo kura kama desturi, wanainua mikono wanaenda zao. 2008 wabunge wa Florida waliweka sheria ya ukaguzi kila miaka 5, 2010 wakaifuta, gharama gharama. Leo vitu vya msingi huwezi tena kuviondoa kwa kura, paa, kuta na nguzo zinazobeba jengo, mabomba, umeme, mfumo wa moto, kizuizi cha maji na rangi ya nje, madirisha na milango ya nje. Ghorofa tatu na kuendelea, ukaguzi jengo likifika miaka 30 au 25 kama mamlaka ya hapo imeamua kwa sababu ya maji chumvi, kisha kila baada ya miaka 10. Awamu ya kwanza ya kuangalia kwa macho, na injinia akikuta uharibifu mkubwa inakuja awamu ya pili ya kupima kabisa, na hapo matengenezo lazima yaanze ndani ya siku 365. Nyie mlivyo ripoti ya awamu ya pili mnayo, kwahiyo hiyo saa inatembea, naomba uangalie tarehe iliyopokelewa kabla ya kitu chochote kingine.

Sasa kuhusu yule bibi wa ghorofa ya nne uliyeniandikia habari zake, anayeishi kwa pensheni na kila bili ikipanda anapunguza dawa. Hilo sina jibu jepesi na silichukulii kirahisi. Wazee kama yeye walinunua wakati michango iko chini, na ilikua chini kwa sababu kuna mtu alikua halipi, yaani waliokaa humo miaka ishirini wakauza wakaondoka, na deni wakaliacha ukutani. Yeye ndo kakutwa. Sio haki. Ila kusimamisha akiba hakumwondolei deni, kunalisogeza mbele tu liwe kubwa zaidi wakati yeye ana miaka mingi zaidi, na hata akitaka kuuza mnunuzi ana haki ya kupewa ripoti ya ukaguzi na ya akiba, na benki nyingi haziko tayari kukopesha kwenye jengo ambalo akiba yake ni karatasi tu.

Nadhani ukimpigania yeye kuna njia nyingine. Hiyohiyo sheria ya 2025 imewaruhusu kutumia mkopo au laini ya mkopo kama sehemu ya kutimiza akiba, wenye nyumba wakikubali kwa wingi, kwahiyo gharama ya parking inaweza kutandazwa miaka mingi badala ya kumwangukia kwa mkupuo. Leta hoja yako mwenyewe. Sema tunapunguza mchango wa akiba mwaka mmoja tu, kila dola inayopungua inaingia akaunti ya parking, mkandarasi aanze tarehe hii, kinachobaki tunakopa. Hiyo hata mimi ningeinyooshea mkono. Wakikataa hiyo na bado wanataka ile yao, basi utakua umejua walikua wanataka nini.

Wasiliana na mwanasheria wa jengo kabla ya mkutano, akupe kwa maandishi kama hoja ya majirani inakidhi masharti, hapo hutakua peke yako mbele ya ukumbi. Alafu nitumie ile ripoti ya awamu ya pili, kurasa za picha hasa, nataka kuziona nguzo zenyewe. Na magari msiendelee kuyapaki karibu na zile alizoweka alama mpaka injinia aseme kwa kinywa chake kwamba pako salama.

Msalimie sana mama na wadogo zako.

Wako,
Mwanaidi