YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KARAKANA YENU KWA KUNIKABIDHI KOMPYUTA YENYE MLANGO WA NYUMA

Ndugu Meneja Mkuu,

Naomba uisome barua hii wewe mwenyewe na usiishushe karakana, kwa kuwa karakana ndiyo ninayoilalamikia. Kumbukumbu za kazi mnazo, nakala za risiti nimeziambatanisha, na masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi.

Niliwaletea kompyuta yangu mpakato ili iwekewe diski mpya na kupigwa Windows. Haikuchukua muda kishale kikaanza kutembea chenyewe kwenye skrini, na usiku mmoja taa ya kamera ikawaka ilhali sijafungua chochote. Nilipoirudisha, mlinitoza fedha nyingine za kusafisha virusi, mkaikagua, mkanieleza kwamba haina tatizo. Ukaguzi huo usingeweza kuona kitu, maana aliyeiingiza programu ile hasidi, yaani huo mlango wa nyuma unaomwezesha mtu wa mbali kuitawala kompyuta yangu kwa siri, alikuwa amekwisha kuiagiza Windows isiiguse folda ilimofichwa.

Hilo nililigundua mwenyewe. Nilifunga programu zote, nikaiacha kompyuta kwenye intaneti, kisha kwa amri ya netstat nikatoa orodha ya miunganisho yake. Palikuwa na muunganisho hai unaokwenda kwenye anwani ya nje nisiyoijua, na mwenye muunganisho huo alikuwa programu inayojiita svchost. Hilo ni jina la programu halali ya Windows, lakini ile halali hukaa ndani ya System32, folda ya mfumo wa Windows, na hii ilikuwa ndani ya folda nyingine, ProgramData, ikiwa imepangiwa kuamka kila ninapowasha kompyuta na kuingia. Folda hiyohiyo ilikuwa kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, imekatazwa kuvikagua, na ndani yake mlikuwa pia na kile kiprogramu kinachoihadaa Windows ijione ina leseni. Tarehe na saa za mafaili yote hayo zinaonyesha kwamba yaliwekwa kompyuta ikiwa mezani kwa fundi wenu. Risiti yenu, Ndugu Meneja, inasema nililipia Windows yenye leseni.

Niliyachapisha hayo yote, nikaja dukani na karatasi hizo. Fundi wenu hakuzisoma. Alizisukuma pembeni, akacheka, akasema mbele ya wateja: "Mama, virusi vya aina hii vinatoka kwenye mitandao ya ngono. Kamuulize mzee nyumbani, kama si wewe mwenyewe."

Kuhusu usafishaji wenyewe, ambao mlipokea fedha zake bila kuufanya, naeleza nilichofanya ili karakana isije ikadai kuwa haiwezekani. Niliikata kompyuta kwenye intaneti, nikaifuta ile folda kwenye orodha ya visivyokaguliwa, nikaendesha ukaguzi wa Defender unaofanyika kabla Windows haijaamka, na hapo ndipo programu ile ilipokamatwa. Hata hivyo sikuishia hapo, kwa sababu aliyekwisha kuingia kwa mlango mmoja anaweza kuwa ameacha mwingine. Nilihifadhi nyaraka zangu peke yake bila kubeba programu yoyote, nikaifuta diski yote, nikaweka Windows upya kutoka kwa Microsoft kwa flashi iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine safi. Nywila za barua pepe na za benki nilizibadilisha kwa kifaa kingine, kabla hata ya kuanza kazi hiyo. Leseni nimeinunua kwa mara ya pili, kwa fedha zangu.

Narudia yale ya kaunta, kwa sababu sidhani kama mmeelezwa jinsi yalivyokuwa. Nilikuwa nimesimama na karatasi mkononi, nikizungumza kwa sauti ya chini, nikimwonyesha kwa kalamu mstari wenye anwani ile ya nje. Hakuinamisha hata macho. Alizisukuma kwa kiwiko, moja ikaanguka sakafuni, na akapaza sauti hadi waliokuwa mlangoni wakageuka: nikamuulize mzee nyumbani, kama si mimi mwenyewe. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mwanachama wa kikundi chetu cha vikoba, ambacho mimi ni mweka hazina wake. Daftari la kikundi, pamoja na majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya NIDA vya wanachama, limo ndani ya kompyuta hiyo. Niliiokota karatasi yangu mwenyewe. Msimamizi wenu alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo, na hakusema neno.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai fedha zangu za kazi zote mbili na gharama ya leseni. Sasa naona hazitoshi. Nadai vilevile barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa na wewe, ambayo nitaisoma mbele ya kikundi, na maelezo ya maandishi ya mahali fundi wenu alikokipata kile kiprogramu. Nadai pia kwamba kila mteja aliyepigiwa Windows na fundi huyo aarifiwe, kwa maana sioni sababu ya kuamini kwamba niliwekewa mimi peke yangu.

Nawapa siku 14 tangu mnapoipokea barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2022, na kwa Tume ya Ushindani kwa kuniuzia kisichokuwepo. Polisi nitakwenda pia, kwani kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Diski mliyoniwekea sikuifuta kabla ya kuinakili yote kama ilivyokuwa, na nakala hiyo ipo mahali salama. Mkitaka kuikagua, mje na mtu mwingine. Fundi yule sitaki aiguse tena kompyuta yangu.

Wenu katika malalamiko,

Mteja wenu, Dar es Salaam