Ustahimilivu wa mibuni upimwe kwenye jani lenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalotuhusu sisi wenye vihamba vya kahawa huku Moshi. Kila kiangazi tunatangaziwa joto la hewa, nasi tunalichukua kuwa ndilo linaloikabili mibuni yetu, ilhali hupimwa ndani ya kisanduku chenye kivuli. Jani lililo juani, hasa udongo unapokauka nalo likafunga vitundu vyake kuzuia maji yasipotee, laweza kuizidi hewa kwa nyuzijoto 10 au zaidi.

Nilifundisha baiolojia kwa miaka mingi, na najua kwamba ustahimilivu wa jani dhidi ya joto hupimika bila kungoja likauke. Hukatwa vipande vidogo, vikawekwa kwenye maji ya viwango mbalimbali vya joto, tuseme nyuzi 40 hadi 60, kwa dakika 15 hivi. Baada ya kupumzishwa gizani, hupimwa mwanga hafifu ambao klorofili, rangi ya kijani ya jani, huutoa inapomulikwa, na kutokana nao huhesabiwa uwiano unaoonyesha uzima wa jani. Jani lenye afya huonyesha uwiano wa karibu 0.8, na joto linalokishusha kipimo hicho hadi nusu ndilo huhesabiwa kuwa kikomo chake. Linalonishtua ni kwamba kipande kilichokwisha kuharibika huweza kubaki kijani, kwa hiyo jicho la mkulima, hata awe mzoefu namna gani, huchelewa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulitaja wastani wa nyuzi 46.7 kuwa mahali ambapo usanisinuru wa miti ya misitu ya tropiki huanza kushindwa. Namba hiyo tusiiazime. Arabika, aina ya kahawa tunayolima huku, asili yake ni chini ya miti mikubwa ya nyanda za juu za Ethiopia, na hustawi kwenye wastani wa nyuzi 18 hadi 23.

Kwa hiyo nawaomba wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kwamba, sambamba na ukinzani dhidi ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, kikomo cha joto cha kila aina ya mbuni kipimwe na kutangazwa kwa Kiswahili. Vipimo vichukuliwe Februari na pia Julai, maana jani hujizoesha na majira. Tena visiishie dakika 15, kwa kuwa shambani jua hukaa saa nyingi. Kihamba changu kina mibuni iliyo chini ya kivuli cha mti wa mringaringa na mingine iliyo juani kabisa, nami nitawakaribisha kukata majani ya pande zote mbili.

Mwalimu mstaafu na mkulima,
Moshi