Krismasi ya kwanza Ujerumani: barua kwa wanangu mliofika mwaka huu

Wanangu, wakwe zangu, na wajukuu mtakaosomewa barua hii,

Bwana Yesu asifiwe. Wengi wenu mmefika mwaka huu. Wengine mmekuja kwa uuguzi, wengine mko kwenye nyumba za kutunzia wazee, wengine mmemfuata mume au mke aliyetangulia na mmekuja na watoto. Mimi ni mama wa Machame, Kilimanjaro, niliyezeekea Leipzig, na kila ikifika Novemba simu yangu hailali. Huyu anauliza ndizi za kupika zinapatikana wapi, yule anauliza kama nauli ya Desemba itashuka, mwingine anapiga tu na kusalimia, kisha anakaa kimya. Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja.

Najua mlikotoka. Mchaga asipoonekana nyumbani Desemba, watu huuliza anaumwa nini. Treni ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporudishwa Desemba 2019, baada ya miaka mingi, wengi tulifurahi kana kwamba tumepanda sisi wenyewe. Kule mgombani, siku zile chache hubeba shughuli za mwaka mzima. Mtoto anabatizwa, mchumba analetwa kuonwa, mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, unazungumzwa, waliokosana wanapelekeana isale, lile jani la kuombana msamaha, makaburi ya wazee yanafagiliwa, na kabla jua halijawa kali mbuzi ameshachunwa na kisusio, ile supu ya damu, kiko jikoni. Hapa Ujerumani hakuna kitu cha kuziba pengo hilo. Msijidanganye kwamba kipo, wala msimwambie mtoto kwamba kipo.

Ninachowaomba ni kimoja: Krismasi hii kaeni hapo mlipo. Nimeingia nyumba nyingi siku hiyo. Baba yuko kwenye sofa anawatazama ndugu zake wakikata nyama Marangu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Mama yuko chumbani na simu yake, anaongea na kwao Mbeya. Watoto wako katikati, wamevaa nguo mpya, hawana wa kumwonyesha. Jioni ikifika wameshaelewa kwamba Krismasi iko mahali pengine na kwamba wao wameachwa nje yake. Mtoto akishika hilo mwaka wa kwanza, kumtoa ni kazi kubwa.

Simu basi ipewe saa yake. Kipindi hiki cha baridi kwetu Tanzania wametutangulia saa mbili, kwa hiyo mkikaa mezani saa sita mchana, kwao ni saa nane na wazee bado wana nguvu za kuongea. Mpigieni babu saa hiyo. Watoto wamwamkie mmoja mmoja, shikamoo ya kusikika, kisha mwombeni yeye ndiye aombee chakula chenu. Babu akisema amina, agana naye, weka simu kwenye droo, kuleni. Upande wa pili wa familia upigieni jioni. Na mama akiuliza hali, mwambie ukweli: kuna baridi, jua linazama saa kumi, umemkumbuka. Mzazi anayefichwa huumia zaidi akija kugundua.

Sasa kalenda, maana hapa wageni wengi hukwama. Kwa Wajerumani siku yenyewe ni jioni ya tarehe 24. Maduka hufungwa kufikia saa nane mchana, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu, karibu hakuna duka linalofunguliwa isipokuwa vituo vya mafuta na viduka vya stesheni kubwa. Ikitokea tarehe 27 ni Jumapili, ulichonacho kwenye friji ndicho mtakachokula hadi Jumatatu. Nunueni mapema, na dawa ya homa ya mtoto iwepo ndani. Jioni hiyo ya 24 mtaa hunyamaza kabisa. Kila mtu hujifungia na watu wake, wanakula kitu chepesi, mara nyingi kachumbari ya viazi na soseji, kisha zawadi zinafunguliwa. Jirani aliyekuwa anakusalimia vizuri hatakukaribisha usiku huo. Usilichukulie kwa ubaya, ndivyo walivyolelewa. Mpelekee sahani ya maandazi siku moja kabla, umwambie tarehe 26 mtakuwa na wageni na muziki kidogo. Siku za sikukuu utulivu wa jengo ni jambo zito hapa, na aliyeambiwa mapema huvumilia.

Mimi nashauri hivi: tarehe 24 kanisani na chakula chepesi, 25 chakula chetu kikubwa, 26 wageni. Kila siku inapata kazi yake na hakuna anayechoka.

Kanisani nendeni, hata kama Kijerumani bado kinawapiga chenga. Alasiri ya tarehe 24 makanisa mengi huwa na igizo la watoto la kuzaliwa kwa Yesu, na hata watu ambao mwaka mzima hawakanyagi kanisani huja, kwa hiyo wahini, na msivue makoti maana ndani kuna baridi. Andikisheni watoto kwenye igizo hilo mapema. Asiyejua lugha atapewa kuwa kondoo au malaika, na kondoo hahitaji sarufi. Wakatoliki wa Kibosho na Rombo, misa ya mkesha mtaikuta ilivyo, hata kama lugha ni nyingine. Na ninyi Walutheri, waambieni watoto kwamba wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu wa Leipzig. Tuni nyingi wanazozijua kutoka kanisa la bibi yao zilitoka nchi hii. Mjukuu wangu mmoja, mwaka wake wa kwanza, alisikia kinanda kikianza akanivuta mkono: "Bibi, huu tunaujua!" Akaimba kwa Kiswahili beti zote, sauti juu, katikati ya Wajerumani. Mama mmoja wa benchi la mbele aligeuka, akamtazama, akatabasamu na kuendelea kuimba beti zake. Waachieni watoto waimbe hivyohivyo.

Chakula. Hapa Leipzig, ndizi za kupika na unga mtazipata kwenye maduka ya Eisenbahnstraße, na miji mingine mikubwa ina maduka ya Waafrika pia. Agizeni mapema. Nyama chukueni buchani. Vijana wawili waliniuliza kama wanaweza kununua mbuzi kwa mkulima na kumchinjia bustanini. Msijaribu. Sheria ya hapa inataka mnyama apoteze fahamu kwanza kabla ya kuchinjwa, na ukikamatwa utaingia matatani mwaka wako wa kwanza. Mtori upikeni madirisha yakiwa wazi dakika chache kila baada ya muda, la sivyo vioo vitatiririka maji na king'ora cha moshi kitaita watu wa jengo zima.

Pesa. Hapa nitasema kwa urefu kidogo. Walioajiriwa hospitali na taasisi nyingi hupata fedha ya mwisho wa mwaka, ile Weihnachtsgeld, mara nyingi mwezi wa Novemba. Aliyeanza kazi katikati ya mwaka kwa kawaida hupata sehemu tu, kulingana na miezi aliyofanya, kisha inakatwa kodi. Nyumbani wamesikia jina la fedha hiyo, makato hawajayasikia. Kabla hamjamtajia mtu kiasi chochote, mume na mke kaeni mezani, zimeni televisheni, andikeni. Kodi ya nyumba, umeme, ada ya redio na televisheni inayokuja kila miezi mitatu, euro 55.08, makoti ya watoto. Kinachobaki kigaweni sawa kwa pande mbili, kwa mume na kwa mke, na ujumbe uende siku moja, kiasi kilekile. Nyumba nyingi zimevunjika moyo Desemba kwa sababu mmoja alituma kwao kimyakimya. Kisha kumbukeni shule za Tanzania hufunguliwa Januari. Mtoto wa dada yako anahitaji ada na viatu vya shule kuliko ninyi mnavyohitaji kusifiwa kwa ng'ombe wa Krismasi. Wala msikope nauli ya Desemba ili watu wawaone. Nendeni mwaka mwingine, mwezi nauli iko chini, mkakae na wazazi wiki tatu bila haraka.

Zamu. Mgeni kazini mara nyingi hupangiwa jioni ya tarehe 24. Mama akitoka kazini saa nne usiku, asikute watoto wamelala mezani na njaa kwa kumsubiri. Baba awapeleke kanisani, awalishe, awalaze, zawadi zifunguliwe asubuhi ya 25 wote wakiwepo. Na wewe uliye zamuni, wodini au kwenye nyumba ya wazee, usiku ule utakutana na bibi wa miaka tisini ambaye hakuna aliyekuja kumwona. Keti naye dakika tano ukiweza. Nimefanya kazi hiyo, najua dakika tano zilivyo adimu, na bado nasema keti.

Kina baba, nanyi nawaona. Mwaka jana ulikuwa unaendesha gari kwenda Moshi, familia nyuma, mchele na sukari kwenye buti, ukifika unapokelewa. Mwaka huu mke ndiye mwenye mshahara, wewe uko darasani unajifunza viambishi na watoto wanakusahihisha matamshi. Wengi hunyamaza Desemba nzima, na nyumba yote inanyamaza nao. Wakamwana zangu, mpeni mzee wa nyumba kazi yake: yeye ndiye akate nyama na kuigawa kwa utaratibu wa kwao, yeye ndiye awasimulie watoto ukoo wao, nani alizaa nani, kihamba kinaanzia kwenye mti gani. Nawe baba, ukipewa nafasi hiyo, simama uisimulie. Usiseme watoto hawasikilizi. Wanasikiliza.

Mwisho, kuna vijana wa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, na wanafunzi wanaokaa peke yao chumba kimoja. Hawatawaomba, wataandika kwenye simu kwamba wako sawa. Waulizeni jina kwa jina, wekeni sahani zaidi.

Walioko Leipzig na vijiji vya karibu, kwangu ni tarehe 26 kuanzia saa saba mchana. Mtori na wali vipo. Anayekuja alete sahani zake, maana zangu hazitoshi, na anayetoka zamu ya usiku aje alale kwanza, chumba cha nyuma nitakiwashia hita mapema. Nijulisheni idadi ya watoto kabla ya tarehe 20.

Bibi yenu,
Leipzig